Gitaa zito la besi lipimwe kwanza bila umeme

Wanunuzi wengi wa gitaa la besi hulichomeka kwenye amplifaya kabla hawajalishika vizuri, wakaongeza sauti hadi madirisha yakatetemeka, kisha wakaanza kujadiliana bei. Mimi nashikilia utaratibu ulio kinyume na huo. Kwa muda mrefu wa ukaguzi besi inapaswa kuwa kimya, mikononi mwa mtu aliyeketi mahali pasipo na kelele, kwa sababu karibu kila kasoro kubwa ya gitaa hili hujionyesha pale ambapo hakuna umeme wa kuificha. Pikapu mbovu, yaani kinasa cha mtetemo wa nyuzi, hung'olewa na kuwekwa nyingine, nobu zinazokwaruza husafishwa au hubadilishwa, na nyuzi zilizochakaa hutupwa. Lakini shingo iliyopinda kwa kujinyonga, au iliyofungwa vibaya kwenye mwili wa gitaa, humfuata mwenye gitaa katika kila wimbo atakaopiga.

Nitazungumzia hasa muundo wa besi uitwao Precision, kwa kuwa ndio uliozaa besi nyingi tunazoziona leo, ziwe za kampuni iliyoubuni au za kampuni zilizouiga. Mtengenezaji wa magitaa aitwaye Leo Fender aliutoa muundo huo mwaka 1951 huko Fullerton, California. Wakati ule wapigaji walibeba kontrabasi, chombo kirefu kumzidi mtu, ambacho sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta, na ambacho mpigaji alilazimika kuipata noti kwa mazoea ya mkono na sikio, kwani shingo yake haikuwa na alama yoyote ya chuma. Fender hakuwa wa kwanza kufikiria besi ya umeme yenye freti, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, maana Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kutengeneza ya kwake katika miaka ya 1930, lakini Precision ndiyo iliyoenea duniani. Freti zake zilimpa mpigaji noti kamili kila anapobonyeza, na jina la gitaa likatokana na sifa hiyo. Urefu wa uzi unaotetemeka uliwekwa inchi 34, yaani milimita 864 hivi, na hadi sasa kipimo hicho ndicho cha kawaida. Mwaka 1957 pikapu yake ilipewa umbo la vipande viwili vilivyopishana, nami nitalirudia jambo hilo kwa sababu lina uzito mkubwa katika kuipima sauti.

Uzito wa gitaa ni jambo la kutazama mapema, ingawa halihitaji muda mrefu. Besi nyingi zenye mwili wa mbao ngumu huwa kati ya kilo 3.5 na 4.5, na anayepiga katika ibada inayochukua saa tatu au onyesho la usiku mzima ataihisi tofauti hiyo begani. Muhimu zaidi ni mizani. Livae gitaa kwa mkanda, simama, kisha uiachie shingo. Kichwa cha gitaa kikishuka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa unafanya kazi mbili kila mara, kubeba na kubonyeza, na hakuna urekebishaji rahisi wa tatizo hilo isipokuwa kubadili vifungio vya nyuzi viwe vyepesi zaidi au kutumia mkanda mpana usioteleza.

Sasa tuje kwenye shingo, na hapa naomba msomaji awe na subira, maana ndipo penye moyo wa ukaguzi. Nyuzi nne za besi zikikazwa kwa sauti zake za kawaida, yaani E, A, D na G, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70 kwa jumla, mchana na usiku, hata gitaa likiwa limening'inizwa ukutani. Ndani ya shingo mna chuma kirefu kinachopingana na mvuto huo, nacho hukazwa au kulegezwa kwa spana ndogo kupitia tundu lililoko kichwani au upande wa mwili. Shingo nzuri si ile iliyonyooka kama rula. Huwa na mbonyeo mdogo sana katikati ili uzi unaotetemeka upate nafasi. Ili kuuona, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 17 kwa mkono mwingine, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Theluthi moja ya milimita hivi inatosha. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya freti, shingo imepinda kwenda nyuma na gitaa litagonga-gonga; nafasi ikiwa pana, shingo imevutwa mbele na nyuzi zitakuwa juu mno.

Hali zote mbili hurekebishika iwapo chuma cha ndani bado kinafanya kazi, kwa hiyo mwombe muuzaji akuruhusu ukizungushe, robo mzunguko tu, na uone kama shingo inaitika. Kama kimekazwa hadi mwisho na shingo bado imevutwa mbele, au kama kinazunguka bila kushika chochote, gitaa hilo liache, hata likiwa zuri namna gani kwa macho. Halikadhalika, lilaze gitaa kwenye jicho kama fundi seremala anavyoutazama ubao, uangalie kutoka kichwani kuelekea darajani, yaani kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi. Mistari ya freti zote inapaswa kulala sambamba. Freti za mwanzo zikielemea upande mmoja na za mwisho upande mwingine, shingo imejinyonga, na chuma cha ndani hakina uwezo wa kuinyoosha, kwa kuwa kazi yake ni kupingana na upindaji wa mbele na nyuma tu.

Sisi tunaoishi pwani tuna sababu ya ziada ya kulichunguza jambo hili. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Gitaa lililokaa Dar es Salaam au Tanga kwa miaka, likapelekwa Dodoma au Arusha wakati wa ukavu, husinyaa upana wa ubao wake wa freti huku freti zenyewe, zikiwa chuma, zikibaki na urefu ule ule. Matokeo yake ni ncha za chuma zinazochomoza pembeni na kumkwaruza mpigaji kila anapotelezesha mkono. Pitisha vidole kando ya shingo, kutoka juu hadi chini, pande zote mbili. Ncha zikichomoza, fundi mwenye tupa nzuri atazimaliza kwa siku moja, hivyo ni suala la bei wala si sababu ya kulikataa gitaa. Hewa ya chumvi nayo huleta kutu kwenye skrubu za daraja. Zijaribu zote kwa spana yake, maana skrubu iliyoshikwa na kutu haikuruhusu kubadili urefu wala kimo cha uzi.

Kuhusu ubao wa freti wenyewe, wengi huuliza kama ni mbao asilia ya jamii ya mpingo au ni mbao nyingine. Swali hilo lina historia ya karibuni. Januari 2017 miti yote ya jenasi ya Dalbergia, ambamo mpingo wetu ni mmojawapo, iliwekewa masharti ya kimataifa ya biashara kupitia CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na viwanda kadhaa vikahamia kwenye mbao mbadala kwa besi zao za bei ya kati na ya chini. Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye masharti hayo, lakini mbao mbadala zimebaki katika magitaa mengi. Nimepiga besi za aina zote hizo, na sioni sababu ya mtu kuliacha gitaa lenye shingo iliyonyooka kwa kuwa tu ubao wake ni wa rangi hafifu. Inanigusa, hata hivyo, kwamba mpingo wa kusini mwa Tanzania unasafiri kwenda Ulaya kuwa klarineti na oboe, halafu mpiga muziki wa Lindi anayetaka ala nzuri huinunua kutoka ng'ambo.

Baada ya shingo, tazama maungio. Katika muundo wa Precision shingo hukaa ndani ya mfuko uliochongwa mwilini na kufungwa kwa skrubu nne. Shika mwili kwa mkono mmoja na shingo kwa mwingine, uitingishe kidogo kushoto na kulia. Isicheze hata kidogo. Ikiwa uzi wa G uko ukingoni kabisa mwa shingo huku uzi wa E ukiwa umeingia ndani, shingo imekaa upande. Pengine kulegeza skrubu na kuisogeza kutatosha, lakini pengine mfuko wenyewe ulichongwa vibaya kiwandani.

Ndipo tuanze kulisikiliza, bado bila umeme. Weka sikio lako kwenye pembe ya juu ya mwili wa gitaa, au bana pembe hiyo kidevuni, kisha piga uzi wa E ukiwa wazi na uuache ufe wenyewe. Usikilize unavyokufa. Katika besi iliyojengwa vizuri, sauti hupungua taratibu bila kubadilika tabia. Katika besi mbovu, mwanzo huwa na kishindo, halafu sauti hunywea ghafla, au huzaa mlio wa vyuma vidogo vinavyotetemeka mahali fulani. Mlio huo mara nyingi hutoka kwenye springi ya daraja au kwenye skrubu ya kifungio iliyolegea, na hupatikana kwa kubonyeza kidole kipande kimoja baada ya kingine hadi unyamaze.

Kisha nenda noti kwa noti, uzi mmoja baada ya mwingine, kila freti, bila kuruka. Kazi hii inachosha, na muuzaji atakutazama kwa mshangao, lakini hakuna njia ya mkato. Hivi karibuni nilikagua besi ya mtumba, ya muundo huu wa Precision, ambayo kwaya moja ilikuwa imeipenda kwa rangi yake. Ilikuwa safi, shingo yake imenyooka na freti zake hazijachimbika. Uzi wa G ulilia vizuri hadi freti ya nne, ukalia vizuri tena kuanzia ya nane, lakini kwenye freti ya sita noti ilizima upesi mno, kana kwamba mtu ameigusa kwa kitambaa. Nilibadilisha kidole, nikabadilisha nguvu ya kupiga, hali ikabaki vile vile. Kisha nikaibonyeza noti ile ile kwenye uzi wa D, freti ya 11, ikalia kwa muda mrefu bila shida.

Jambo hilo lina maelezo yake. Shingo ya mbao ina mtetemo wake wa asili, na noti ya uzi ikikutana na mtetemo huo, shingo huanza kutikisika pamoja na uzi na kuunyang'anya nguvu, hivyo noti hufa mapema. Katika besi zenye shingo ndefu iliyofungwa kwa skrubu, mahali panapojulikana kwa udhaifu huo ni uzi wa G, kati ya freti ya tano na ya saba. Karibu kila besi ya namna hiyo ina dalili zake, na tofauti iko kwenye kiwango. Ukibana kitu kizito kichwani mwa gitaa, koleo dogo la seremala lililowekewa kitambaa kwa mfano, mtetemo wa shingo hushuka na mahali dhaifu huhamia kwingine. Nilifanya hivyo mbele ya wanakwaya na wote walisikia noti ikifufuka kwenye freti ya sita na nyingine jirani yake ikidhoofika. Niliwashauri wainunue ikiwa bei itashuka, kwa kuwa mpigaji wao hutumia zaidi nyuzi mbili za chini, na noti hiyo anaweza kuipata kwenye uzi wa D. Kwa mpiga solo za besi nisingetoa ushauri huo.

Ukiwa bado hapo, pima ulinganifu wa sauti. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate mlio mwembamba, kisha bonyeza freti hiyo hiyo na upige kama kawaida. Milio hiyo miwili inatakiwa kuwa sawasawa kwenye mashine ya kupimia sauti. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, kile kipande cha daraja kinachobeba uzi hurudishwa nyuma ili uzi urefuke; ikiwa chini, husogezwa mbele. Kama kipande kimefika mwisho na sauti bado haijakaa, jaribu nyuzi mpya kabla hujalilaumu gitaa, maana uzi mkuukuu huwa mzito mahali pengine na mwepesi pengine.

Kwenye umeme nitaanza na mvumo. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, na waya huo hunasa mtetemo wa uzi wa chuma pamoja na uchafu wote wa umeme uliomo chumbani. Ile pikapu ya mwaka 1957 ina koili mbili, moja kwa nyuzi za E na A, nyingine kwa D na G, zilizosukwa na kupewa sumaku kinyumenyume, hata mvumo wa moja unafuta mvumo wa nyingine. Kwa hiyo Precision inayovuma kwa nguvu ina hitilafu: huenda koili moja imekatika, au mtu ameziunga vibaya. Besi ya Jazz, muundo mwingine wa Fender uliotoka mwaka 1960, ni tofauti. Ina pikapu mbili zinazofutiana mvumo pale tu zote zinapofunguliwa sawa; ukipunguza moja, mvumo hurudi, na hiyo si kasoro. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, waya wa daraja umeungwa kama inavyotakiwa. Ukiongezeka, fungua bamba ukague uungaji wa waya huo. Na ukihisi umeme ukikuchoma vidoleni au mdomoni unapokaribia maikrofoni, acha kupiga mara moja, uzime kila kitu na umwite fundi umeme, kwa sababu tatizo hilo liko kwenye waya wa ardhi wa jengo au kwenye amplifaya, nalo linaweza kuua.

Zungusha nobu zote kutoka mwanzo hadi mwisho, usikilize mikwaruzo. Chezesha jeki, yaani ncha ya kebo, ndani ya tundu lake. Kama besi ina saketi inayotumia betri ya volti 9, kama zile za Music Man StingRay zilizotoka mwaka 1976 na nyingi zilizofuata, fungua kisanduku cha betri utazame kama kuna ukungu wa kijani uliotokana na betri kuvuja, na ukumbuke kwamba betri huendelea kuliwa muda wote kebo inapokuwa imechomekwa kwenye gitaa.

Sasa sauti yenyewe. Weka nobu zote za amplifaya katikati, bila kuongeza besi, bila kusukuma chochote. Uzi wa E ulio wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo za mazoezi haziwezi kuutoa mtetemo huo. Tunachokisikia ni mitetemo ya juu yake, ya 82 na kuendelea, na sikio lenyewe hukamilisha kilichokosekana. Ndiyo maana besi yenye sauti ya katikati iliyo wazi husikika hata kwenye simu, ilhali besi iliyojaa mngurumo wa chini peke yake hupotea kabisa mara tu wimbo unapotoka ukumbini. Katika Precision natafuta mkito ulio imara katikati ya sauti, wenye mwanzo unaoeleweka na mwili unaobaki. Nalinganisha nyuzi zote nne kwa nguvu ileile ya kidole: mara nyingi uzi mmoja huzidi au hupungua, na skrubu za kuinua na kushusha pikapu humaliza tofauti hiyo. Pikapu ikiinuliwa mno, sumaku huvuta uzi na kuuvuruga mlio wake, kwa hiyo sauti kubwa zaidi si lazima iwe bora zaidi.

Nyuzi hubadilisha hukumu kuliko mbao za mwili, na hapa natofautiana na wanaoamini kwamba aina ya mti ndiyo kila kitu. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi laini zisizo na mikunjo ya nje, akapiga kwa kidole kimoja cha shahada. Lifungie gitaa hilo hilo nyuzi mpya zenye mikunjo, kisha lipigwe kwa kidole gumba, na msikilizaji atadhani ni ala nyingine. Kwa sababu hiyo nauliza nyuzi zina umri gani kabla sijasema sauti ni hafifu, na nikiweza nakwenda na seti yangu mpya.

Jaribio la mwisho ni kupiga pamoja na wenzako. Katika muziki wa dansi, wenye gitaa la solo na la ridhimu yakipishana juu, au katika benga ya Kenya ambamo besi hukimbia mbele kama sauti ya pili ya mwimbaji, nafasi ya gitaa zito ni nyembamba: chini kuna ngoma ya mguu, juu kuna magitaa mawili au matatu. Mwombe mpiga ngoma apige ngoma ya mguu peke yake, nawe upige noti moja juu ya kila pigo lake, kwa utulivu, dakika kadhaa. Kisha mpigaji wa ridhimu aingie. Mtu mmoja asimame mwisho wa ukumbi na akuambie kama bado anaweza kuimba mstari wako wa besi. Akiweza, lirudishe gitaa kwenye begi lake na uendelee na mazungumzo ya bei.